Pompu ya Koko Iliyoishi Ziwani

Siku mliponiaga pale garaji ya Sange zilisomwa hotuba nne, na zote nne zilisifu uvumilivu wangu. Nawashukuru kwa hotuba na kwa kile kiti cha plastiki chenye mikono, lakini uvumilivu mmenisingizia. Mimi nimefanya kazi kwa kucheka. Kwa miaka thelathini na kitu nimeamka na haraka ya kufika kwenye lile banda la mabati, kama msichana anayekwenda harusini. Mmeniomba niandike niliyoyaona ili yasipotee. Nitaandika, ila msitafute humu nani alipanda cheo lini. Cheo hakijawahi kuwasha injini.

Nilifika garaji nikiwa na miaka ishirini na miwili, natafuta kazi ya kufagia. Ushirika wa wakulima wa mpunga ulikuwa na trakta moja tu, iliyoachwa na shamba la pamba la zamani, nayo ilinizidi umri kwa mbali. Waliiita Koko, maana kwetu koko ni babu au bibi, na hii tuliihesabu bibi. Ilikuwa na silinda tatu, kiti cha chuma chenye matundu, na manivela, ule mkono wa kuzungushia injini, mzito kama mguu wa ng'ombe.

Mekanisie, yaani fundi wa injini, alikuwa Papa Kashindi, mtu mfupi mwenye kofia isiyovuliwa. Masikio yake yalikuwa yameliwa na kelele za ekzosi; ukitaka akusikie ulisimama mbele yake ukasema polepole. Lakini alikuwa na kijiti cha mpera, urefu wa mkono. Ncha moja aliibana kwenye meno, nyingine akaigusisha kwenye injini inayounguruma, halafu akafumba macho. Akikitoa alikwambia ni silinda gani inaumwa na inaumwa nini. Sikumwona akikosea zaidi ya mara mbili, na mara zote mbili alikuwa na homa.

Asubuhi ile ya kwanza nilikuwa nafagia karibu na gurudumu. Alinitazama, akasogea, akanikagua mdomoni kama mtu anayenunua mbuzi.

"Weye, uko na meno yote?"

"Niko nayo yote, Papa."

"Basi weka fagio chini. Uma hapa."

Niliuma. Akanishika bega akaniegemeza kwa Koko, na ile injini nzima ikaingia kwenye taya langu: pistoni, valvu, mnyororo, kitu fulani kinachogonga kwa ndani kama mtu anayebisha mlango kwa adabu. Nilianza kucheka, kijiti kikadondoka, nikaendelea kucheka hadi nikakaa chini. Papa Kashindi hakukasirika. Aliwaambia wengine kwamba huyu msichana amesikia, wamtafutie ovaroli. Hakuna aliyewahi kuniuliza kama mwanamke anaweza kazi hii. Niliulizwa meno tu, na hayo nilikuwa nayo.

Alinifundisha mengi, nami nawapa yale niliyoyalipia kwa ngozi yangu. Ukishika manivela, kidole gumba kikae upande mmoja na vidole vingine, kisizunguke mkono wa chuma; injini ikirudi nyuma itakivunja kabla hujasema jina lako. Mazutu, yaani dizeli, ichujwe kwa kitambaa kilichofuliwa mara nyingi. Kitenge kipya kinaacha nyuzi. Na mazutu iliyonunuliwa barabarani ilale kwanza kwenye pipa, maana sehemu yake ni maji, na muuzaji hatakwambia ni sehemu gani.

Vita vilivyokaribia bonde letu wengine wameviandika na mimi sitavirudia. Nitasema tu tulichofanya na Koko. Tuliona kwamba trakta nzima itachukuliwa nzima, lakini trakta iliyofunguliwa ni chuma tu. Kwa hiyo tulimfungua. Papa Kashindi akapiga alama kwenye kila kipande, nukta tatu na msalaba mdogo, halafu kila mfanyakazi akaenda na chake. Mimi nilibeba manivela na kichwa cha jembe, nikavizika chini ya mihogo ya mama yangu kule Runingu. Pompu ya kusukuma mazutu, ambayo ndiyo moyo wa injini ya namna hii, alipewa Ruben, dereva wa Koko, kwa sababu yeye alimpenda kuliko sisi wote.

Tulipoweza kurudi, vipande vilirudi pia, kimoja kimoja. Mmoja alileta redieta kichwani kutoka milimani, akiwa ameifunika kitambaa cha meza. Tulikuwa tukicheka na kulia kwa pamoja. Kila kitu kilirudi isipokuwa pompu na Ruben. Watu walisema alivuka ziwa na mke wake na watoto wanne, basi. Koko akasimama pembeni ya garaji, kuku wakapata mahali pa kulala.

Hatukukaa bure. Miaka ile ndiyo tuliyoanza kukusanya matrakta ya kale, kwa kuwa mapya hayakuwa ya watu kama sisi. Moja tulilikuta misheni, limebeba tangi la maji mgongoni kama nguzo. Padri alikubali tulichukue tukimjengea nguzo ya matofali, na tulipolichimbua magurudumu tukakuta bado lina pumzi. Tuliliita Monsinyeri. Lilikuwa na heshima na lilikwenda polepole. Lilivuta tela la magunia vizuri, ila udongo mzito wa mpunga lilikataa. Jingine tulilipata kichakani, mgomba umepita katikati ya usukani na umezaa. Tulikula ndizi kwanza, kisha tukafungua boliti. Hilo halikuwaka kamwe, lakini limetupa boliti na nati hadi leo. Wala pompu za hayo mawili hazikumwingia Koko. Tulijaribu, tena mara nyingi kuliko inavyostahili kukiri.

Wakati huo nilikuwa mekanisie mkuu, mjane, na binti zangu wawili wameolewa. Papa Kashindi alikuwa amestaafu, anaishi Runingu. Siku moja nikaenda Kalundu, kando ya ziwa, kwenye ubatizo wa mjukuu wa rafiki yangu. Tulitoka kanisani tukateremka kula karibu na bandari. Nilikuwa nimeshika sahani mkononi niliposikia sauti ya Koko. Iliunguruma juu ya maji, silinda tatu, na kule kubisha mlango kwa adabu.

Niliweka sahani chini, sikumbuki juu ya nini, nikakimbia na viatu vyangu vya ubatizo hadi kwenye mawe. Boti ya mbao ilikuwa inakaribia, ikikokota mitumbwi minne ya wavuvi wa dagaa, kwetu ndagala, kama bata na watoto wake. Nilimpungia mwenye usukani. Akadhani namjua, akapunga pia. Alipofunga kamba nikapanda bila kuombwa, nikainua ubao wa injini. Aliniuliza kama nimepoteza kitu.

Injini haikuwa ya Koko, ilikuwa ya ndugu yake, wa kiwanda kilekile. Lakini pompu niliipangusa kwa ncha ya kitenge changu cha sherehe, na pale pembeni zikatokea nukta tatu na msalaba mdogo.

Yule mtu aliitwa Elia. Alikuwa mrefu, mpole, na kipara chake kilikuwa kimeungua jua. Nikamwambia kila kitu kwa pumzi moja: garaji, vita, alama. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniketisha juu ya kikapu, akanieleza yake. Miaka kumi na mitano iliyopita boti yake ilikuwa imekufa kwa kukosa pompu. Usukani ulikuwa mkononi mwake na safari hakuna, wakati kila mtu pwani anataka kuvuka. Akaja mtu na mke na watoto wanne, hana kitu cha kumpa ila mfuko wa unga, na ndani ya unga mna chuma. Elia alikitazama akaona kinaingia kwenye injini yake. Walikifunga wote wawili asubuhi hiyohiyo, yule mtu akionyesha mahali pa kuweka alama ili mazutu ifike kwa wakati wake. Wakavuka na watu ishirini na saba.

Nilikuwa nimekuja na hasira ya miaka kumi na mitano. Niliitafuta nisiione.

"Hii pompu iko yetu," nilisema hata hivyo.

"Iko yenu, Mama," alijibu. "Lakini iko inalisha mitumbwi ine. Uniambie weye, minye nifanye nini."

Nilirudisha ubao wa injini mahali pake. Akatoa simu. Kumbe Ruben alikuwa akimpigia kila Mwaka Mpya kumsalimu. Alimpata, akaniwekea simu sikioni. Nilitaja jina langu na la garaji. Kisha Ruben akasema kwamba miaka yote hii hajarudi Sange kwa sababu hakujua atatuangaliaje machoni. Nikamwambia watoto wanne kwa pompu moja, hata Papa Kashindi angefanya biashara hiyo. Akalia. Halafu, kwa kuwa ni dereva, akauliza kama mafuta ya gia ya Koko yalikuwa yamebadilishwa.

Suluhisho halikutoka kwangu wala kwa Elia. Lilitoka kwa mwezi. Wavuvi wa ndagala wanafuata giza: wanawasha taa, samaki wanakuja. Mwezi ukiwa mkubwa samaki hawajali taa, na mitumbwi yote inapumzika kama wiki moja. Elia alikuwa anaeleza hayo kama malalamiko, nami nikaanza kucheka. Alinitazama, akafikiri, akaanza kucheka pia. Tulicheka juu ya kile kikapu mpaka wavuvi wakaja kutazama. Giza, pompu ni ya ziwa. Mwezi, pompu ni ya shamba. Tulishikana mikono, yangu ikiwa na grisi hadi kwenye kiwiko, na kwenye ubatizo wala sikurudi.

Kazi ya kumfufua Koko ndiyo ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya, na ndiyo niliyofurahia kuliko zote. Pistoni zilikuwa zimeshikana na silinda kama ndugu. Msipige nyundo, nawaomba. Tulimimina mazutu na mafuta ya injini vilivyochanganywa kupitia matundu ya sindano za mazutu, na kila asubuhi nikagusa manivela kidogo, kama unavyomgusa mtu unayetaka kumwamsha bila kumshtua. Siku ya tisa ikasogea upana wa kucha. Upana wa kucha tu, na garaji nzima ikacheza, mlinzi akapiga ndoo. Siku ya kumi na mbili ikazunguka mzunguko mzima.

Mwezi ulipojaa, Elia alileta pompu mwenyewe kwa pikipiki. Tuliifunga, tukatoa hewa kwenye mipira ya mazutu, na nikamwita Papa Kashindi kutoka Runingu. Alikuja na kijiti chake, lakini meno hakuwa nayo tena. Nilizungusha manivela mara moja, mara mbili, ya tatu Koko akakohoa, akatema unyoya wa kuku mweusi kwenye ekzosi, akaunguruma. Wanawake waliokuwa wakirudi sokoni walipiga vigelegele. Papa Kashindi alisogea, akavua kofia, kitu ambacho hakuna aliyewahi kukiona, akaweka paji la uso juu ya boneti.

"Silinda ya pili iko inachelewa kidogo," alisema. "Achana nayo. Ni uzee."

Hivyo ndivyo tulivyoanza kulima kwa mwezi. Msione haya mnapoeleza jambo hili kwa wageni, ni kweli. Wakulima wa Sange walianza kuangalia mbingu kama wavuvi, na wavuvi wa Kalundu wakauliza hali ya udongo. Kufungua pompu, kuisafirisha na kuifunga tena kulichukua nusu siku nilipoanza. Miaka miwili baadaye niliweza kwa muda wa kuiva maharage. Siri ni alama: usifungue boliti hata moja kabla ya kukwaruza mstari mwembamba pale pompu inapokutana na injini, na mipira yote uifunge midomo kwa kitambaa safi. Chembe moja ya mchanga ikiingia, umekwisha.

Kwa sababu ya mchanga huo nilikataa kuifunga pompu nyuma ya pikipiki. Niliifunga kitenge, nikaibeba mgongoni kama mtoto. Uzito wake ni wa mtoto wa mwaka mmoja. Kwenye barieri moja, kizuizi cha barabarani, kulikuwa na mama anayeuza ndizi. Alinipongeza kwamba mtoto wangu hasumbui, akauliza iko na miezi mingapi. Nilimjibu iko na miaka makumi sita. Alifunua kitenge, akanusa mazutu, akarudi nyuma hatua tatu. Tangu siku hiyo kila akiniona aliniuliza kama mtoto ameanza kutembea, nami nikamjibu kwamba anatembea, tena anaogelea.

Mara moja nilivunja mkataba. Ilikuwa mwanzo wa masika, mvua imetangulia, na shamba la mwisho lilikuwa la Mama Sifa wa Runingu, ambaye mwaka uliotangulia hakuvuna chochote. Siku ya kurudisha pompu ilifika, shamba lake halijaguswa. Nilizima simu. Ndiyo, mimi, mekanisie mkuu, nilizima simu kama mtoto anayejifunika shuka. Siku ya pili, jua la saa sita, Koko akiwa anateleza kwenye tope na jembe likikwaruza tu juujuu, nikamwona Elia anakuja kwa miguu kwenye tuta, suruali imekunjwa, viatu mkononi.

Nilijiandaa kutukanwa. Alilitazama shamba, akamtazama Mama Sifa aliyesimama na mbegu zake kwenye beseni, akazunguka nyuma ya Koko. Alisema jembe iko nyepesi. Halafu akapanda juu yake, akashika chuma kwa mikono miwili, akatikisa kichwa kwamba niende. Hilo msiige, wekeni mawe. Lakini siku ile sikuwa na mawe, nilikuwa na Elia. Jembe liliingia ardhini, udongo mweusi ukageuka, na yule mtu mzima akawa anarukaruka nyuma yangu akiimba nyimbo za wavuvi, amepakwa tope mpaka masikio. Nilipinda mistari kwa kucheka. Mistari ya shamba lile ni mibaya kuliko yote niliyowahi kulima, na mpunga ulitoka vizuri.

Jioni hiyo nilikwenda naye Kalundu, nikasimama mbele ya wavuvi waliokosa siku mbili za giza kwa ajili yangu, nikaomba msamaha. Walijadiliana, wakanipa adhabu: jenereta mbili zilizokufa. Nilizitengeneza palepale. Ya tatu ilitokea kwa bahati tu, walisema.

Miaka ikaenda hivyo, mwezi kwa mwezi. Mwaka jana Zawadi, ambaye sasa amechukua nafasi yangu, akatafuta kwenye simu yake kwa wiki tatu, akapata pompu ya pili Bujumbura, bado imo ndani ya grisi yake ya kiwandani. Ilipofika garaji mliimba. Mimi nilipiga makofi na kuifunga kwa mikono yangu, na Koko aliwaka mara ya kwanza, hata silinda ya pili. Nilimpigia Elia kumwambia pompu ya zamani sasa ni yake. Alisema iko vizuri. Nikasema iko vizuri sana. Tulibaki kwenye simu, na hakuna aliyekata.

Mwezi ukajaa tena. Sikuwa na safari. Jumamosi hiyo nilikuwa nyumbani Sange, nimepika sombe, majani ya mihogo, nikihesabu sababu za kwenda Kalundu na kuziona zote ni za uongo. Saa kumi hivi mtu akabisha. Alikuwa Elia, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi na mtu asiyejua kupiga pasi. Mikono yake ilikuwa mitupu. Alikuwa anaiangalia kana kwamba hajui aiweke wapi.

"Mama Feza," alisema, "minye sina tena kitu ya kuleta. Nimejileta."

Nilimwambia aingie aketi. Sombe nilikuwa nimepika ya mtu mmoja. Tulikula wawili, na ikabaki.